Mwezi, kipepeo na kanda za bibi: jibu kwa bibie wa Wete

Bibie mmoja wa Wete, kule Pemba, kaniandikia, barua yake ndefu na nzuri nimeifupisha hivi: "Ami, salaam alaykum. Miye nasomesha skuli, nna kamera ya mkono wa pili na lenzi yake ile ya 18-55 tu, na simu. Bibi yangu ana kanda za taarab za zamani tele, nimezikulia. Nataka nipige picha zitokane na zile nyimbo, maana humo mmejaa mwezi na vipepeo na maua. Nshajaribu miezi mitatu. Mwezi unatoka kitone cheupe kama taa ya barabarani, vipepeo wanaruka kabla sijafika, mwisho nikaziunga picha kwenye simu, mwezi mkubwa nyuma kipepeo mbele, mdogo wangu akacheka akasema kama kadi ya Idi. Nakosea wapi? Na kuunga picha ni uongo?"

Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza huyo mdogo wako mpe soda ya baridi, maana kakwambia bure jambo ambalo mie lilinichukua miaka kulijua. Zile picha mbili ulizonitumia nimezitazama, na kweli, kadi za Idi. Ila usivunjike moyo, mie mwenyewe nimepiga kadi za Idi kibao na nyengine nikaziuza, na walionunua walifurahi.

Sasa kamera tuiweke pembeni kidogo tuzungumze nyimbo, kwa sababu lenzi yako haina kosa. Kosa ni kwamba umesikia mwezi kwenye wimbo ukatoka kwenda kupiga mwezi, umesikia kipepeo ukaanza kumfukuza kipepeo mipapaini. Umepiga maneno. Na taarab, wewe umekulia humo unajua, neno linalotajwa silo linalosemwa. Ua si ua. Mwezi ni mtu, na mtu mwenyewe yumo humo humo ukumbini, kakaa safu ya tatu kajifunga buibui lake hana habari.

Ushawahi kumtazama vizuri mtu anayekwenda kumtunza muimbaji? Mie nilipiga picha za harusi miaka mingi hiyo ndo ilikuwa burudani yangu. Anainuka taratibu, noti kaikunja baina ya vidole viwili, anakwenda na mdundo hana haraka, na muimbaji hamtazami kabisa, macho yako pembeni. Akifika usawa wa meza fulani ndo anaunyoosha ule mkono juu, anauzungusha kidogo, kisha noti inatua. Hajasema kitu. Jina la mtu halijatajwa. Lakini meza ile nzima ishainamisha vichwa na ukumbi mzima ushafahamu mshororo ule unamwendea nani. Basi picha yako inatakiwa ifanye kazi ya ile noti. Mtu aone kitu kimoja, ahisi chengine.

Hata Siti binti Saad, mtu wa Fumba, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, watu waliozinunua zile santuri huku pwani hawakumuona akiimba, walikaa barazani wakasikia sauti na kila mmoja akajionea lake kichwani. Wewe unashindana na picha hizo za vichwani. Ukiwawekea watu mwezi mkubwa na kipepeo mkubwa umewafungia mlango, hawana tena cha kujionea.

Nikupe mfano, beti moja, usiniulize nani kaimba maana nimeitunga sasa hivi na chai yangu hapa:

Mwezi wangu wa jioni, watoka wenda kwa nani
Umepita mlangoni, hukuona hata soni
Mie nipo dirishani, taa naitia ndani

Haya. Mpiga picha wa kadi atapiga mwezi mpevu juu ya bahari, kamaliza. Lakini mwezi pale ni mtu aliyepita nje ya mlango akenda kwa mwengine, na utamu wote wa beti uko kwenye ile taa. Mtu kachoka kungoja, kaitoa taa dirishani. Kwa hiyo mie ningepiga picha tatu kwa sababu mishororo ni mitatu. Ya kwanza mwezi mdogo sana, juu ya paa za nyumba, mbali. Ya pili mlango uko wazi usiku, hapana mtu, mbaramwezi umeingia ndani umelala sakafuni, na ile pete ya chuma ya mlango inang'aa kidogo. Ya tatu ni mkono umeshika taa ya kandili unaiondoa dirishani, taa imeacha ufito wa mwanga hewani. Picha ya tatu haina mwezi hata kidogo, na hiyo ndo picha ya mwezi kuliko zote.

Na umeona vina? Mwezi duara, pete ya mlango duara, chimni ya taa nayo duara. Nyimbo zetu bila vina hazisimami, na mfululizo wa picha ni hivyo hivyo, lazima kitu kirudi, umbo au rangi. Chagua kina chako kabla hujatoka nyumbani. Mie huchagua kimoja tu, viwili vinanichanganya.

Ile picha ya sakafu wasiokuwa na tripodi huikimbia bure. Weka kamera juu ya kibao cha mbuzi, kile kile cha kukunia nazi, kiko chini, hakitikisiki, na pembe yake ni nzuri kwa sakafu (mie tripodi nnayo na bado natumia mbuzi wa mke wangu, ugomvi hauishi). Lenzi kwenye 18 (pana kabisa), tundu la lenzi f/3.5 (namba ikipungua tundu linapanuka), ISO 1600 (wepesi wa kamera kushika mwanga), sekunde 10, weka taima ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Flashi izime. Taa zote za nyumba zima, hata ile ya choo inapenya. Ya kandili ni sekunde moja tu, mwambie anayeishika aende polepole, piga mara ishirini, moja itakubali.

Sasa mwezi wenyewe.

Mwezi una ratiba, na ratiba yake imetundikwa ukutani kwenu, ile kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Watu wanaofunga siku nyeupe, 13, 14 na 15, hao wanaujua mwezi kuliko programu yoyote ya simu. Kila siku unachelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Tarehe 13 jua likizama utaukuta ushapanda kiasi chake, 14 unachomoza karibu na jua kuzama, ukifika 15 na 16 unachomoza giza lishaingia, na giza letu huku karibu na ikweta halina adabu, jua likizama dakika 20, 25 basi. Unachokitaka wewe ni ule wakati mwezi uko juu na mnazi bado una rangi yake ya kijani, na wakati huo ni kama robo saa, tarehe 13 na 14. Na kwa kuwa tarehe zetu zinafuata kuonekana kwa mwandamo zinaweza kupishana siku na mwezi wa mbinguni, kwa hiyo anza kutoka tarehe 12 kabisa usije ukalia. Ndo wakati wa Magharibi huo najua, sali hapo hapo pwani, ukitoa salamu utaukuta umepanda kama mara tano ya upana wake, hujakosa kitu.

Kwa nini unatoka kitone cheupe: mwezi ni jiwe limepigwa na jua, kule juu ni mchana. Kamera inaona giza limejaa kwenye picha, inafungua macho yote, na mwezi unaungua. Weka M (upange kila kitu mwenyewe), ISO 100, f/11, shata 1/100 ya sekunde, huo ni mwezi mpevu ulioko juu. Ukiwa chini karibu na bahari unapita kwenye ukungu na vumbi ni mwekundu na hafifu, shuka mpaka 1/25 huku kamera imetulia juu ya kitu. Kwenye simu ugusie mwezi kidole mpaka mraba utokee kisha buruta chini kale kajua, chini zaidi, mpaka uone madoa yake. Tena simu nyengine siku hizi zinauchora mwezi zenyewe, ukizumu sana unaletewa mwezi ambao hukuupiga. Mie hizo sizitaki.

Ama udogo wake, nyoosha mkono uufunike mwezi kwa kidole cha mwisho. Umekwisha wote, na kidole kimebaki. Ndo ukubwa wake huo siku zote, ule unaouona mkubwa kama sinia unapochomoza ni jicho lako linakudanganya, kamera haidanganyiki. Gawa urefu wa lenzi kwa 110 upate upana wa mwezi kwenye sensa (kile kibati cha ndani ya kamera kinachopokea picha) kwa milimita, kwa hiyo 55 yako inakupa nusu milimita. Ukiazima ya 300 utapata kama milimita mbili na kitu. Ukiweza azima, sikukatazi, lakini kwa kazi yako hii mie napenda mwezi mdogo. Kwenye wimbo mzima mwezi ni neno moja, mbona kwenye picha utake ujaze fremu?

Anayetaka uonekane mkubwa siri si zumu peke yake, ni kurudi nyuma. Kitu chochote kikiwa mbali mara 110 ya upana wake kinalingana na mwezi. Na hapa mwanangu nyinyi wa Pemba mna kitu ambacho sisi wa Unguja tunakionea wivu, popo wenu. Pale Kidike si mbali na wewe, wanatoka jioni makundi kwa makundi, na mbawa za popo wa Pemba mkubwa zikinyooka ni kama mita moja na nusu. Zidisha kwa 110. Mita 165 hivi! Popo akikatiza mbele ya mwezi akiwa umbali huo mabawa yake yanaufunika kutoka ukingo mpaka ukingo. Hapo ndo uiazime ile 300, shata isipungue 1/500, ISO panda mpaka 800 au 1600, lenzi ifungue wazi, na ujue utarudi mikono mitupu mara tano. Kisha hebu fikiria, kila mtu anapiga kipepeo na mwezi, wewe umekuja na popo, ule weusi wake, yule ambaye bibi atasema mbona umenileteya ndege wa usiku. Hapo fumbo limeanza lenyewe.

Siku za mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, hilo kila mtu wa pwani anajua, lakini wapiga picha wengi hawalitumii. Bamvua kwetu maji yanajaa mnamo saa kumi, ya jioni na ya alfajiri, na yanakupwa mnamo saa nne. Kwa hiyo mwezi unachomoza maji yanaondoka, ikifika saa tatu usiku ufukwe wote uko wazi, umejaa vidimbwi, na kila kidimbwi kina mwezi wake. Kwa huku kwetu nenda Jambiani au Bwejuu, mwezi unatoka baharini na vijiti vya mwani vimesimama safu kwa safu kama mistari ya daftari. Kwako wewe nenda upande unaotazama mashariki, Vumawimbi. ISO 1600, f/4, sekunde 6 mpaka 10, na usiende peke yako. Mie nilijifanya mjuzi Jambiani, nikasahau kwamba maji yanayoondoka yanarudi, nikawa nimeinama na kidimbwi changu mpaka saa saba usiku, nageuka nyuma mkondo ushanizunguka, kiunoni. Kamera niliinyanyua juu kama mtoto, tripodi ikanywa chumvi, miguu yake mpaka leo haikunji vizuri.

Na akinamama wa mwani ukiwakuta, omba kwanza.

Haya kipepeo. Hapa kuna jambo nataka ulishike maana hata washairi wanalipitia juu juu: kipepeo na mwezi hawakutani. Usiku kipepeo kalala chini ya jani, mbawa kazifunga, hana habari na mwezi wa mtu. Yule anayezunguka taa usiku ni nondo, naye vile vile usiku wa mbaramwezi haji sana kwenye taa, mtafute siku za giza utundike shuka nyeupe na taa nyuma yake. Kwa hiyo picha ya kipepeo anaruka usiku mbele ya mwezi mpevu, akili ya mtazamaji inaikataa hata kama hajui kwa nini. Ndo mdogo wako alipochekea.

Lakini asubuhi wanakutana! Na hii ndo zawadi yangu kwako ya leo. Baada ya mwezi mpevu, tarehe 18, 19, 20, mwezi haufi alfajiri, jua linachomoza na wenyewe bado uko magharibi, mweupe hafifu kwenye anga la buluu kama mtu kasahau kuufuta. Saa mbili asubuhi uko pale. Na saa mbili asubuhi ndo kipepeo anaamka, mwili wake hauna joto lake mwenyewe, lazima aote jua kwanza, anakaa juu ya jani anafungua mbawa zote mbili, hana nguvu za kuruka mbali. Jua liko nyuma yako mashariki, kipepeo mbele yako amemulikwa, mwezi juu yake magharibi. Fremu moja, shata moja, hakuna cha kuunga.

Mitego yake miwili. Kivuli chako, maana jua liko mgongoni, na kivuli kikimgusa tu kaondoka, kwa hiyo njoo kwa ubavu, chini, goti moja, na nenda kama unavyomwendea kuku unayetaka kumkamata, usiinue mikono. Na fokasi, ukimsogelea kipepeo kwa sentimita 30 mwezi utayeyuka usionekane kabisa. Kaa mita moja, lenzi 55, f/16, ISO 400, shata 1/200 au juu zaidi. Kipepeo mkubwa atachukua kama robo ya upana wa picha na mwezi utakuwa kama punje ya mtama, umefifia kidogo lakini upo. Mwezi usiukuze. Uache utafutwe.

Utampata wapi huyo mkubwa? Mndimu. Yule mweusi wa madoa ya manjano anayependa michungwa na ndimu, kila mwenye mndimu uani anaye. Tazama majani machanga, utaona kitu kama mavi ya ndege, usikipanguse, ndo mwanawe huyo, akikua anageuka kijani na ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya machungwa kichwani na harufu kali mno, mie mara ya kwanza nilidondosha kifuniko cha lenzi. Akishajifunga kifukoni ni kama wiki mbili hivi. Siku moja kabla ya kutoka kifuko kinageuka cheusi na kwa ndani unaanza kuona yale madoa ya manjano yamejikunja, kama khanga iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Hapo usilale. Anatoka asubuhi, mbawa zimenyauka kama kitambaa kibichi, ananing'inia saa nzima au zaidi zikikauka, hawezi kwenda popote. Unayo saa nzima na kipepeo mzima asiyeruka, unataka nini tena. Tundika khanga nyuma ya tawi, mita moja, chagua khanga ya rangi moja moja isiyo na mji wenye makelele, itayeyuka iwe rangi tupu. Khanga ya bibi ingefaa, na lile jina lake likibaki herufi mbili tatu zinasomeka nusu, wallahi hiyo peke yake ni taarab.

Wapo wanaomtia kipepeo kwenye friji azimie wampige vizuri. Nshaambiwa nifanye hivyo na mtu mzima mwenye kamera ya mamilioni. Anakaa kweli, lakini anakaa kama mgonjwa, mbawa zimelegea, na mtu yeyote aliyewahi kuona kipepeo mzima anajua. Usifanye. Kama unataka kufanya mazoezi, siku ukija Unguja pitia kituo cha vipepeo pale Pete, karibu na Jozani, wako ndani ya bustani yenye wavu wamezoea watu, utajifunza kusogea kuliko kunisoma mie. Huko kwenu nenda Ngezi, asubuhi jua likiingia njiani, uliza walinzi wa msitu kwanza, tazama pale penye tope bichi, wanakunywa chumvi kundi zima na ukienda kwa adabu wanakuacha.

Ukaniuliza kuunga picha ni uongo. Mie nasema uongo ni pale unapotaka niamini kwamba imetokea. Muimbaji akisema mwezi kapita mlangoni hapana mtu anayetoka nje kuutazama, sote tunajua ni fumbo. Kwa hiyo ukiunga, unga wazi, iwe ndoto inayojijua ni ndoto, na mtu akikuuliza mwambie nimeunga. Tatizo la zile mbili zako ni kwamba zimekaa baina, zinajifanya kweli na zimekosea. Ya kwanza mwezi mpevu uko upande mmoja na jua linalozama, na mpevu siku zote unatazamana na jua, uko upande wa pili wa anga. Ya pili ule mwezi mchanga umeuchukua kwenye intaneti, nimejua kwa sababu umesimama wima. Huo wa Ulaya. Mwezi mchanga wetu mara nyingi unalala chali, ncha zote mbili juu, kama dau. Mtu wa Pemba aliyeutazama mwandamo tangu mtoto utamwekea mwezi wa watu wa baridi atahisi kitu kimemkwaruza tu.

Na kama unataka kuunga bila kompyuta, chukua sinia la bibi, lile kubwa la shaba kama lipo, ujaze maji uliweke uani saa tatu usiku tarehe 14, tupa asumini chache zielee. Mwezi utakuwemo ndani. Simama pembeni si juu yake usije ukajipiga kichwa chako. Sasa kuna ujanja mmoja umewashinda wengi: ule mwezi wa ndani ya sinia, fokasi yake haiko kwenye sinia, iko mbali kama mwezi wa juu, maji ni kioo tu. Kwa hiyo tumia 18, f/8, rudi nyuma mita mbili hivi, fokasi iweke kwenye ukingo wa mbali wa sinia, asumini na mwezi vyote vitakubali. Mwezi wenyewe utaungua kidogo maana asumini zinahitaji sekunde kadhaa, na hapo mie sijali. Siku moja jirani alipita akaliinua sinia akidhani nimelisahau nje, mwezi ukamwagika mpaka mlangoni, ile ndo picha nzuri kuliko zote nilizopiga usiku ule, mkono wa mtu na maji yanayong'aa. Sikuipanga.

Kuediti usizidishe. Punguza buluu usiku, simu na kamera zinaupenda ubuluu, mbaramwezi wetu una unjano fulani ukiutazama juu ya ukuta wa chokaa. Basi.

Kabla ya yote hayo lakini, hizo kanda. Kanda za zamani huku kwetu kwa unyevu zinashika ukungu, siku moja utaitia kwenye redio ikatafunwa. Zirikodi kwenye simu wiki hii, moja moja, na bibi akae pembeni. Usimuulize wimbo huu una maana gani, atakwambia wa mapenzi tu mjukuu wangu na atacheka. Muulize ulikuwa unaimbiwa nani. Muulize siku ule wimbo ulipopigwa nani aliinuka kutunza, na nani aliinamisha kichwa, na kavaa nini, na walikuwa wamekaa wapi. Akianza kushusha sauti na kutazama mlangoni kwanza kabla hajajibu, funga simu, usirikodi hilo, sikiliza tu. Ndo picha yako hiyo.

Leo nnavyokuandikia kalenda ya hapa ukutani inasema tarehe 9. Una siku nne mpaka ya kwanza, na kama tisa mpaka ile ya asubuhi na kipepeo. Nenda kautazame mndimu kama una mavi ya ndege. Na popo ukimpata, hata akiwa na ukungu, nitumie.